Bunge ni "li-", mbunge ni "a-": jinsi ya kusoma namba za hasira ya Wamarekani

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, namba moja hurudi katika mabishano yetu nje ya oditwari: asilimia 9. Hiyo ndiyo sehemu ya Wamarekani walioiambia taasisi ya Gallup, mwezi Novemba 2013, kwamba wanaridhika na jinsi Kongresi yao inavyofanya kazi. Gallup ilianza kuuliza swali hilo mwaka 1974, na hadi siku hiyo haikuwa imepata namba ndogo kama hiyo. Kwetu namba hii imekuwa rungu. Mmoja huichukua na kusema: mnaona, hata hao wanaotufundisha demokrasia hawaitaki yao, basi sisi tunahangaika na uchaguzi kwa nini? Mwingine hujibu kwamba uchunguzi wa maoni ni biashara, kila namba ina mwenye kuilipia, tusiusikilize. Wote wawili huondoka wameridhika na nafsi zao, na hakuna aliyeuliza watu hao waliulizwa nini.

Hilo linanishangaza kwa sababu sisi ni wanafunzi wa lugha. Kabla ya namba kuna sentensi. Mtu fulani alipigiwa simu, akasomewa maneno fulani kwa mpangilio fulani, akajibu. Tukipewa sentensi yoyote darasani tunaichambua kwa saa mbili, tunahesabu mofimu zake. Tukipewa asilimia tunainamisha kichwa.

Tuanze basi na jambo linalowasumbua wengi. Mwaka mmoja tu baada ya asilimia 9, mwezi Novemba 2014, Wamarekani waliitwa kuchagua upya Baraza la Wawakilishi lote. Kati ya wawakilishi waliogombea tena viti vyao, takriban asilimia 95 walirudi. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama asilimia 36 ya wenye haki, idadi ndogo kuliko uchaguzi wowote tangu 1942. Watu wanaolichukia Bunge kiasi hicho waliwarudisha karibu wote waliolifanya Bunge hilo.

Mtaalamu wa siasa Richard Fenno aliligusa fumbo hili tangu miaka ya 1970. Alisafiri na wawakilishi majimboni mwao, akaona jambo ambalo katika mji mkuu halionekani: mwakilishi akifika kwao huungana na wapiga kura wake kulisema vibaya Bunge analokaa ndani yake. Analisema kama mtu anavyowasema majirani, na wanampenda kwa hilo.

Mimi nadhani Kiswahili kinatusaidia kuliona fumbo hili kuliko Kiingereza. Bunge *limeshindwa*. Chama *kimetusaliti*. Mbunge wangu *amekuja* msibani. Tazameni viambishi. Swali la Gallup linauliza habari za "li-", kitu kisicho na uso, chenye watu 435 upande wa Baraza la Wawakilishi na 100 upande wa Seneti. Hakuna Mmarekani hata mmoja anayepewa karatasi ya kulichagua au kulikataa Bunge. Karatasi anayopewa ina jina la mtu, ni ya "a-". Uchunguzi wa maoni na sanduku la kura havikuuliza jambo moja, kwa hiyo hakuna ajabu kwamba havikujibu jambo moja. Gallup wenyewe walilipima hilo mwezi Mei 2013: waliporidhika na Kongresi walikuwa asilimia 16, walioridhika na mwakilishi wa jimbo lao walikuwa 46. Na ni kama asilimia 35 tu walioweza kumtaja mwakilishi huyo kwa jina! Yaani wengi walimkubali mtu wasiyemjua kwa sababu alikuwa "wetu".

Kuna jambo la pili ndani ya sentensi ile. Anayejibu "siridhiki" hasemi haridhiki na nini. Mwezi Oktoba 2013 shughuli za serikali kuu ya Marekani zilifungwa kwa siku 16, kwa sababu Warepublikani katika Baraza la Wawakilishi walitaka bajeti ipite pamoja na kuidhoofisha sheria ya afya ya Rais Obama, na Wademokrati waliokuwa na Seneti walikataa. Mtu wa kwanza alikasirika kwamba serikali ilifungwa. Wa pili alikasirika kwamba ilifunguliwa bila sheria ile kuondolewa. Wa tatu mshahara wake ulichelewa tu. Wote watatu wakasema "siridhiki", wakawekwa gunia moja. Ukifungua gunia hilo hutapata wananchi wameungana dhidi ya Bunge. Utapata wananchi wanaopingana wao kwa wao kama vile wabunge wao wanavyopingana. Kwa maana hiyo Bunge lile lilikuwa linawawakilisha vizuri mno.

Na upande wa juu wa kipimo ni hivyo hivyo. Namba kubwa kabisa ambayo Gallup iliipata kwa swali hilo ilikuwa asilimia 84, mwezi Oktoba 2001. Sidhani kuna anayeamini kwamba Kongresi ilijifunza kufanya kazi katika wiki nne baada ya tarehe 11 Septemba. Neno "kazi" katika swali lilibaki lile lile, maana yake ikahama. Watu walijibu habari za nchi yao iliyoshambuliwa.

Sisemi kwamba kutoridhika ni kiini macho cha sarufi. Kuhusu vyama nina maoni tofauti kidogo, kwa sababu hapo namba zimesogea upande mmoja kwa miaka mingi. Kituo cha Pew kilitoa mwaka 2023 matokeo marefu juu ya hali ya siasa ya Marekani. Mwaka 1994, watu waliokuwa na mtazamo mbaya juu ya vyama vyote viwili kwa pamoja walikuwa asilimia 6. Mwaka 2023 walikuwa 28. Asilimia 65 walisema wakifikiria siasa huchoka, mara nyingi au kila wakati. Waliosema huona matumaini kwa kiasi hicho walikuwa 10. Mwendo wa miaka thelathini hauelezwi na kiambishi.

Katika uchunguzi ule kuna swali moja ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa halikumpa mtu visanduku vya kuchagua. Waliulizwa: ukitakiwa kuieleza siasa ya nchi yako siku hizi kwa neno moja, ungetumia neno gani? Asilimia 79 walitoa neno baya, asilimia 2 neno zuri. Yaliyorudi zaidi ni yale ambayo kwa Kiswahili tungesema "mgawanyiko" na "ufisadi". Kwa mwanafunzi wa msamiati hii ni hazina, na inazaa swali ambalo wanasayansi wa siasa huliruka: maneno haya waliyatoa wapi?

Sehemu ya jibu ina tarehe. Mwaka 1990 kamati ya Warepublikani iitwayo GOPAC, iliyoongozwa na Newt Gingrich, iliwatumia wagombea wake karatasi ambayo kichwa chake kilisema wazi kwamba lugha ni chombo kikuu cha kutawala. Ndani mlikuwa na orodha mbili: maneno mazuri ya kujieleza wewe, na maneno ya kumwelezea mpinzani, kama vile kuoza, ugonjwa, uongo, usaliti, ufisadi. Wagombea waliombwa wayakariri na kuyatumia. Mwaka 1994 Warepublikani walipata viti 54 zaidi na kulitwaa Baraza la Wawakilishi baada ya miaka 40 nje, Gingrich akawa spika. Ushindi ule ulikuwa na sababu nyingi, nami siwezi kuubebesha karatasi moja. Lakini linganisheni orodha ile na kapu la maneno ya mwaka 2023. Vyama vilimfundisha mwananchi namna ya kumsema mwenzake, kwa bidii, miaka nenda rudi, na Wademokrati nao hawakubaki nyuma. Mwananchi alikuwa mwanafunzi mzuri. Alilichukua somo akalitumia kwa wote wawili.

Basi kwa nini haondoki? Mwaka 2023 Gallup ilipata asilimia 63 ya Wamarekani wakisema nchi inahitaji chama kikubwa cha tatu, na mwaka huo huo asilimia 43 walijiita huru, wasio wa chama chochote. Ukiwafuata hao huru kwa swali la pili, wengi wao wanakiri kwamba wanaegemea upande mmoja. Wanalikataa jina la chama, kura wanakipa. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumekutana na Maurice Duverger, aliyeandika mwaka 1951 kwamba mahali ambapo kiti ni kimoja na anayetangulia ndiye anayekichukua kwa duru moja, vyama huelekea kubaki viwili. Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za urais mwaka 1992 na hakupata mjumbe hata mmoja katika baraza la kumchagua rais. Mpiga kura wa Marekani anaijua hesabu hiyo bila kumsoma Duverger. Akiulizwa kwa simu ana nafasi ya kusema "wote wawili hapana", lakini karatasi ya kura haina mstari huo.

Isipokuwa Nevada. Huko, tangu 1975, katika nafasi zinazogombewa na jimbo zima kuna mstari unaosema "Hakuna kati ya wagombea hawa". Mwezi Februari 2024, katika kura za awali za Warepublikani ambazo Donald Trump hakuwemo, mstari huo ulimshinda Nikki Haley kwa asilimia 63 dhidi ya 30 hivi. Lakini kisheria "Hakuna" hawezi kushika kiti. Akishinda, anayemfuata ndiye mshindi. Sijui kama nicheke. Ni mahali pekee ninapopafahamu ambapo kiwakilishi cha ukanushaji kilishinda uchaguzi kikanyimwa ofisi.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye neno letu wenyewe, maana nalo lina lawama. Kiswahili huuita uchunguzi huu "kura ya maoni". Neno hilo hilo Wakenya walilitumia mwaka 2005 na 2010 kwa maana ya wananchi wote kuamua juu ya katiba, jambo ambalo sisi mwezi Desemba 2005 tuliliita referandumu. Tanzania, katika chama tawala, kura za maoni ni wanachama kupendekeza wagombea. Mambo matatu, jina moja, na yote yameitwa kura. Msikilizaji wa redio akisikia kwamba kura ya maoni imelikataa Bunge, atafikiri watu wamepiga kura. Hawakupiga. Watu kama elfu moja waliulizwa.

Kiingereza kina neno ambalo asili yake ni kichwa cha mtu: kuhesabu vichwa. Kifaransa kimechukua sondage kutoka kwa mabaharia, kutupa kamba kupima kina cha maji. Sisi "kura" tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni bahati nasibu ya kugawa au kuchagua, na bado tunasema kura imemwangukia fulani. Kwa maana hiyo ya zamani neno letu ni sahihi kuliko yote, maana uchunguzi mzuri ni ule ambao kura humwangukia mtu yeyote bila upendeleo, naye ndiye anayeulizwa. Jarida la Literary Digest lilituma karatasi milioni 10 mwaka 1936, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon atashinda. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, na aliyerudisha karatasi alirudisha kwa hiari yake. Hapo hapakuwa na kura ya kumwangukia mtu. Siku hizi ugonjwa umebadilika: katika uchunguzi wa simu wa Pew, waliokubali kujibu walikuwa asilimia 36 mwaka 1997, na 6 mwaka 2018. Kura inawaangukia wengi, lakini hawapokei simu.

Tuseme mtu amepatikana kwa haki na amepokea simu. Bado kuna sentensi. Mwaka 1941 Donald Rugg alichapisha jaribio ambalo lingepaswa kufundishwa katika somo letu la semantiki. Kundi moja liliulizwa kama Marekani iruhusu hotuba za hadhara dhidi ya demokrasia; asilimia 62 walisema isiruhusu. Kundi lingine liliulizwa kama izipige marufuku. Asilimia 46 tu walikubali. Kutoruhusu na kupiga marufuku, kwa mwanasheria, ni kitu kimoja. Kwa masikio ya mtu, la pili ni zito. Na mwezi Septemba 2013, siku chache kabla ya kufungwa kwa serikali, televisheni ya CNBC iliuliza juu ya sheria ya afya kwa majina mawili. Ilipoitwa Obamacare, waliopinga walikuwa 46. Ilipoitwa kwa jina lake rasmi, walikuwa 37. Sheria ilikuwa moja!

Kama maneno mawili ya Kiingereza kwa wasemaji wa Kiingereza wa Marekani yanafanya hivyo, fikirini maneno ya Kifaransa yanayopitia mdomoni mwa mwanafunzi hadi kwenye sikio la mama muuza unga.

Nasema hivyo kwa sababu wengi wetu katika Kitivo hiki tunaifanya kazi hiyo. Likizo ikifika, wanaofanya uchunguzi huja kutafuta vijana wanaojua lugha. Mwaka uliopita nilihoji kwa siku sita hapa Lubumbashi, katika timu ya watu wanne. Karatasi ya maswali ilikuwa ya Kifaransa tupu. Tuliambiwa tu: nyinyi ni watu wa lugha, mtatafsiri palepale. Swali lilikuwa kama mhojiwa anaridhika na kazi ya wadepite. Jioni tulipolinganisha, mmoja wetu alikuwa anasema "unaridhika", mwingine "unakubali", wa tatu "unapenda", wa nne "unaona wanatumika muzuri". "Unakubali kazi yao" kwa Kiswahili cha hapa inaweza kueleweka kama kukiri kwamba wanafanya kazi. Maswali manne yaliingia katika safu moja ya tarakilishi.

Majibu yalikuwa na ngazi nne, na hapo ndipo lugha iligoma kabisa. Plutôt satisfait na peu satisfait ziko pande mbili za mstari wa katikati. Moja inahesabiwa kwa serikali, nyingine dhidi yake. Mtu akikujibu "nimeridhika kidogo", unaiweka wapi? Kila mmoja aliiweka alikotaka. Halafu kuna maswali ya ukanushaji. Ukimuuliza Mswahili "Huna imani na vyama?" akajibu "Ndiyo", amekubaliana na sentensi yako: hana imani. Kifaransa kingesubiri "non". Anayeandika "oui" bila kufikiri amemgeuza mpinzani kuwa shabiki, na hakuna hesabu ya makosa ya sampuli itakayomgundua.

Mama niliyemtaja nilimkuta katika soko la komini Kenya. Nilimsomea swali la wadepite. Alisimamisha kopo lake la kupimia, akaniuliza: "Mwanangu, ba kwetu ao bote?" Wa kwetu, au wote. Fumbo la Fenno, Gallup na kiambishi changu "a-", lote katika maneno manne, na karatasi yangu haikuwa na mahali pa kuliandika. Nilimwambia msimamizi wetu jioni. Alisema niweke "hajui".

Walimu wetu wananiambia kwamba hii ni kazi ya watu wa sosiolojia na takwimu. Kwa heshima, sikubali. Mtakwimu anaweza kutuambia kwamba kosa la sampuli ni asilimia 3 au 4 juu au chini. Hawezi kutuambia "kidogo" ni juu au chini. Katiba yetu imeziita Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba lugha za taifa, lakini swali la kumuuliza raia anavyowaona watawala wake linaandikwa kwa Kifaransa na kutafsiriwa kwa miguu, kati ya ndoo mbili za mahindi. Baadaye namba hizo zitasomwa Kinshasa, na pengine Washington, kama sauti ya watu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Somo la tafsiri la mwaka wa tatu litenge zoezi moja kwa muhula kwa ajili ya karatasi za maswali: kutafsiri kwa maandishi, kumpa mwingine arudishe katika Kifaransa bila kuona asili, kulinganisha. Lifanyike kwa Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha Kisangani, kwa sababu si kimoja. Na mwanafunzi wa Kitivo hiki akiitwa kuhoji, aombe maswali yaliyoandikwa katika lugha atakayoitumia kabla ya kutia sahihi.

Wenzangu watatu nami tumeanza na sentensi ya Gallup yenyewe, ile ya mwaka 1974. Tumekubaliana juu ya "jinsi Bunge linavyofanya kazi yake". Kwa kitenzi cha mwanzo bado tuna "unaridhika", "unaunga mkono" na "unaona vema", na Jumatano iliyopita tulifukuzwa maktaba kwa kelele. Mwenye kitenzi cha nne atukute huko, meza ya karibu na dirisha.